Lenzi ya kuvuta kwa picha za bendi za gwaride: chaguo tano za bei nafuu

Bendi ya gwaride haisimami ikusubiri. Kwenye mwendo wa haraka, bendi zetu za jeshi na polisi, ambazo gwaride lao limetokana na mila ya Uingereza, hupiga hatua zipatazo 120 kwa dakika, na hatua moja ni kama sentimita 75. Zidisha utapata mita moja na nusu kila sekunde. Dramu meja aliyekuwa mita 30 mbele yako, sekunde 10 baadaye yuko mita 15, na baada ya sekunde 10 nyingine ameshakupita. Katika sekunde hizo 20 lenzi inatakiwa imfikie, imeze mwanga wa kutosha na ishike fokasi bila kupotea, huku fimbo yake ikipaa na tarumbeta nyuma yake zikimeta jua.

Wanaouliza lenzi ya kununua huanza na milimita. Milimita peke yake hazisemi mengi. Aliyeketi jukwaani siku ya Uhuru tarehe 9 Desemba na anayetembea kando ya matarumbeta ya harusi saa mbili usiku wanapiga picha ala zilezile, lakini lenzi inayomfaa mmoja itamkwamisha mwenzake. Kwa hiyo tuanze na vigezo, kisha tuzipitishe chaguo zote tano humohumo.

## Vigezo

Umbali. Jiulize utasimama wapi. Mpiga tarumbeta aliyevaa kofia, ukimwachia nafasi kidogo juu na chini, anahitaji fremu ya kama mita 2.2 ukiisimamisha kamera wima. Jedwali hili linaonyesha umbali ambao anajaza fremu hiyo, kulingana na kihisi, yaani sehemu ya kamera inayopokea picha (kidogo huitwa APS-C, kikubwa fremu kamili):

| Urefu wa lenzi | Kihisi kidogo (APS-C ya Canon) | Fremu kamili |
|---|---|---|
| 85mm | mita 8 | mita 5 |
| 200mm | mita 20 | mita 12 |
| 250mm | mita 25 | mita 15 |
| 300mm | mita 30 | mita 18 |

Kwenye APS-C ya Nikon na Sony punguza kidogo. 300mm hujaza fremu kwenye mita 28. Ukitaka kifua na uso tu, punguza umbali kwa nusu. Sasa linganisha na uwanja. Uwanja wa mpira wa kawaida una upana wa mita 68, na ukiuzunguka una njia nane za riadha ambazo ni karibu mita 10 zaidi. Aliyeketi safu ya mbele ya jukwaa yuko mita 45 au 50 kutoka katikati. Hapo 200mm kwenye Canon ya APS-C inachukua mita tano na nusu kwa upande mrefu wa picha, na 300mm inachukua karibu mita 3.7. Mtu mmoja hajazi fremu kwa yoyote kati yao. Kutoka jukwaani unapiga safu. Uso wa mtu mmoja utaupata kwa kukata picha baadaye.

Mwanga. Kwenye jua kali la saa nne asubuhi, f/5.6 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) na ISO 200 (wepesi wa kihisi kwa mwanga) hukupa shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya karibu sekunde 1/1600. Inatosha na kubaki. Wingu zito likitanda unapoteza stopu tatu hivi (kila stopu ni nusu ya mwanga), na utapanda hadi ISO 800 kubaki kwenye 1/800. Tarehe 26 Aprili, Sikukuu ya Muungano, huangukia katikati ya masika, kwa hiyo usipange bajeti yako kwa kudhani jua litakuwapo. Usiku hesabu hubadilika kabisa. Chukua taa za uwanja zinazokuruhusu 1/500 kwa f/2.8 na ISO 3200. Picha hiyohiyo kwa f/4 inataka ISO 6400, kwa f/5.6 inataka 12800, kwa f/6.3 inataka 16000. Kwa f/1.8 inashuka hadi 1250 hivi.

Shata unayohitaji. Ili kugandisha mguu unaotua na vijiti vya ngoma ndogo, anza na 1/1000. Kwa 1/250 nyuso zitakuwa kali lakini vijiti vitachora ukungu, jambo ambalo wengine hulipenda. Kituliza mtikisiko, ambacho Canon hukiita IS, Nikon VR na Tamron VC, hutuliza mkono wako tu. Askari anayetembea hakimsimamishi. Faida yake kubwa kwenye gwaride ni mbili: picha ndani ya kitafutio haichezi, kwa hiyo unapanga fremu vizuri, na kwenye mwendo wa pole unaweza kuifuata bendi kwa 1/60 ukapata mandhari ya nyuma yaliyoburuzika.

Fokasi. Bendi inakujia uso kwa uso, na huo ndio mtihani mgumu kuliko yote kwa injini ya lenzi. Injini ya zamani yenye gia huvuma, hufika mwisho, hurudi, na safu imeshapita.

Mzigo na bei. Sherehe huchukua saa nyingi juani. Kilo moja na nusu shingoni kwa saa nne si sawa na gramu 400. Bei hatuziandiki kwa shilingi kwa sababu hupanda na kushuka, na lenzi iliyotumika hutofautiana bei duka kwa duka. Tumezipanga kutoka ya chini kwenda ya juu kama zinavyopatikana kwa kawaida.

## 1. Lenzi nyepesi za APS-C: Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM na Nikon AF-P DX 70-300mm f/4.5-6.3G ED VR

Umbali. Nzuri kuliko bei yake inavyoonyesha. Ile ya Canon inamjaza mtu fremu kwenye mita 25. Ya Nikon kwenye mita 28. Kando ya barabara zinatosha kabisa, na jukwaani zinajitahidi. Upande wa karibu ndio unaobana: bendi ikikufikia mita tatu, 70mm ya Nikon inamkata mtu kiunoni, ilhali 55mm ya Canon inakupa nafasi kidogo zaidi.

Mwanga. Mchana ni sawa. Ukizivuta hadi mwisho, tundu linabaki f/5.6 kwa Canon na f/6.3 kwa Nikon, hivyo jioni zinachoka mapema na usiku hazipo.

Fokasi. Zote mbili zina injini za kisasa, kimya na za haraka, zinazoweza kuifuata bendi ya mwendo wa haraka ikikujia. Hapa kuna mitego miwili, na kila mwaka wapo wanaonasa. Wa kwanza: injini ya AF-P haifanyi kazi kwenye Nikon za zamani. Ukiwa na D3000, D3100, D3200, D5000, D5100, D90 au D7000, lenzi itaingia kwenye kamera lakini fokasi haitafanya kazi, hata ya mkono, kwa sababu pete yake nayo inategemea umeme. Wa pili: Nikon walitoa pia 70-300mm ya AF-P isiyo na VR, na zinafanana kama pacha. Soma maandishi yaliyo kwenye lenzi. Yasipokuwa na herufi VR, hicho kituliza unachodhani unalipia hakimo.

Mzigo. Gramu 375 kwa Canon, 415 kwa Nikon, na filta za milimita 58 kwa zote mbili. Nikon haina swichi pembeni. VR huwashwa na kuzimwa kwenye menyu ya kamera.

Inamfaa mzazi mwenye mtoto kwenye bendi ya shule, skauti anayepiga picha wenzake, mwandishi chipukizi anayefanya kazi mchana, na yeyote ambaye bado hajui kama kazi hii ataipenda. EF-S haiingii kwenye DSLR za Canon za fremu kamili, kwa hiyo fikiria kama utabadilisha kamera karibuni.

Neno moja kuhusu Canon EF 75-300mm f/4-5.6 III, ambayo huuzwa sana ndani ya boksi la kamera kama lenzi ya pili. Haina kituliza, injini yake ni ya polepole, na kwenye 300mm picha hulegea. Kama unayo tayari, itumie mchana kwa f/8, kati ya 75 na 200mm, na uilenge fokasi kwenye alama ya barabarani kabla bendi haijafika hapo. Kuinunua mpya kwa kazi hii hatushauri. 55-250mm STM iliyotumika inaishinda kwa kila kigezo isipokuwa hizo milimita 50.

## 2. Lenzi ya urefu mmoja: 85mm f/1.8 (Canon EF USM au Nikon AF-S G)

Umbali. Huu ndio udhaifu wake na ndio uzuri wake. Haivuti. Mtu anajaza fremu kwenye mita nane ukiwa na APS-C, na kutoka jukwaani bendi nzima itaonekana kama safu ya siafu. Lakini bendi nyingi za kwetu hazichezi uwanjani. Matarumbeta ya harusi hupita ukiwa umbali wa kunyoosha mkono. Bendi za Jeshi la Wokovu hupita katikati ya mitaa. Beni ya Zanzibar, bendi ya tarumbeta na ngoma za mitaani, hupita vichochoro vya Mji Mkongwe ambamo huwezi kurudi nyuma mita kumi hata ukitaka. Pale ambapo unaruhusiwa kutembea, miguu yako ndiyo inayovuta.

Mwanga. Hakuna inayoikaribia humu. Dhidi ya f/5.6 inameza mwanga zaidi ya mara tisa. Taa za barabarani na za magari ya msafara zinaanza kutosha.

Fokasi. Injini ni nzuri. Kazi ngumu iko kwenye kina, yaani unene wa eneo lililo kali: kwa f/1.8 na mita nane, eneo lililo kali ni kama sentimita 60. Ukishika mdomo wa suzafoni, uso wa mpigaji unaweza kuwa nje. Lenga jicho, na mwanga ukiruhusu funga hadi f/2.8. Mchana tumia f/4. Kina kinafika mita 1.3 na safu nzima ya mbele inakuwa salama kama wako sawa mstarini.

Mzigo. Gramu 425 kwa Canon, 350 kwa Nikon. Hazina kituliza mtikisiko, lakini kwa kuwa utapiga 1/500 na kwenda juu, hutakikumbuka.

Inamfaa mpiga picha wa harusi, wa ibada na wa mitaani. Huyu akinunua lenzi ya 300mm amenunua kitu kitakachokaa kwenye begi. Akialikwa uwanjani, hata hivyo, atakuwa mikono mitupu.

## 3. Canon EF 70-200mm f/4L USM, ya kwanza isiyo na IS, iliyotumika

Ilitoka mwaka 1999, kwa hiyo zipo nyingi sokoni, na bei ya iliyotumika imeshuka hadi kufikiwa na wengi.

Umbali. 200mm inakupa mtu mzima kwenye mita 20 kwa APS-C. Kando ya njia ya gwaride ni pazuri mno. Jukwaani utakata picha, na kwa bahati nzuri lenzi hii ni kali kiasi kwamba picha iliyokatwa nusu bado inachapishika.

Mwanga. Tundu ni f/4 kuanzia 70 hadi 200. Watu hudharau faida hii. Kwenye lenzi za f/4-5.6, ukiwa umeweka tundu na shata kwa mkono na ukavuta kutoka kwa safu nzima kwenda kwa dramu meja, tundu hujifunga lenyewe na picha inakuwa nyeusi kuliko uliyopima. Hapa kipimo cha mwanzo kinabaki vilevile tangu bendi inaingia mpaka inatoka. Jioni yenye wingu inavumilika. Usiku wa taa dhaifu, hapana.

Fokasi. Haraka na ya uhakika. Ina swichi inayoizuia lenzi isitafute karibu zaidi ya mita 3. Iwashe. Bila hiyo, mtu akipita mbele yako lenzi itakimbilia mgongo wake na itachukua muda kurudi kwa bendi.

Mzigo. Gramu 705, na haibadiliki urefu ukivuta, hivyo inakaa vizuri mkononi na haipumui vumbi kwa nguvu kama zinazorefuka. Haina kinga ya mvua. Beba mfuko wa plastiki na mpira wa kufungia. Rangi yake nyeupe inavuta macho, na mlangoni mwa uwanja lenzi ya namna hii huulizwa maswali kuliko nyeusi ndogo. Uwe na barua au kitambulisho cha kazi.

Inamfaa mwenye Canon anayepiga mchana, anayetaka ubora wa kuchapisha magazetini au kwenye kalenda, na ambaye mkono wake umezoea kutulia. Ikiwa una kamera ya Canon R, adapta ya EF kwenda R inaifanya ifanye kazi na fokasi yake yote. Kwa wenye Nikon, hii si chaguo.

## 4. 70-300mm za fremu kamili: Canon EF 70-300mm f/4-5.6 IS II USM au Tamron SP 70-300mm f/4-5.6 Di VC USD

Umbali. Ndiyo inayofika mbali kuliko zote tano kwa wenye Canon. Kutoka jukwaani, kati ya tano hizi, ndiyo inayokupa safu ya wapiga tromboni wanne bila kukata picha.

Mwanga. Sawa na kundi la kwanza: mchana wake, usiku si wake. Anayehama kutoka 55-250mm kwenda hapa akitarajia picha bora za usiku atasikitika, kwa sababu tundu ni lilelile.

Fokasi. Ile ya Canon ya mwaka 2016 ina injini ya haraka sana, na tofauti yake na 75-300mm ya zamani utaiona kwenye safu ya kwanza inayokujia. Tamron ya mwaka 2010 iko nyuma kidogo lakini inatosha, na ilitolewa kwa Canon na kwa Nikon pia. Kituliza chake kina nguvu kiasi kwamba picha kwenye kitafutio husimama kama imegandishwa. Usianze kupiga kabla haijatulia; subiri nusu sekunde baada ya kugusa kitufe.

Mzigo. Gramu 710 kwa Canon, 765 kwa Tamron. Zote hurefuka ukivuta, na kwenye uwanja wa vumbi zifute shingo kabla ya kuzirudisha.

Inamfaa anayeketi mahali pamoja na hawezi kusogea: mwalikwa jukwaani, au mwandishi aliyefungiwa nyuma ya kamba mbali na njia ya gwaride. Inamfaa pia mwenye fremu kamili ambaye kundi la kwanza halimhusu.

## 5. f/2.8 iliyotumika: Tamron SP 70-200mm f/2.8 Di VC USD au Nikon AF 80-200mm f/2.8D ED

Umbali. Sawa na namba 3.

Mwanga. Hapa ndipo pesa yako inapokwenda. Stopu mbili zaidi ya f/5.6 ni mwanga mara nne. Kwenye sherehe inayoingia usiku, hii ndiyo tofauti kati ya ISO 3200 na 12800, na kwenye kamera za bei ya kati tofauti hiyo inaonekana kwenye kila uso mweusi ulio chini ya kofia.

Fokasi. Tamron ya mwaka 2012 ni nzuri, lakini ijaribu kwenye kamera yako mwenyewe, si ya muuzaji; lenzi za kampuni nyingine huweza kukataa kamera mpya zaidi yao. Nikon 80-200mm haina injini ndani. Inategemea bisibisi iliyo kwenye kamera, kwa hiyo kwenye D3500, D5600 na ndugu zao utafokasi kwa mkono, na kwenye kamera za Z kwa adapta ya FTZ ni hivyohivyo. Kwenye D90, D7000 na D7200 inafanya kazi, kwa kelele lakini kwa kasi ya kuridhisha. Kwa f/2.8, 200mm na mita 20, kina ni kama mita moja. Safu zikiachana mita mbili, safu moja tu itakuwa kali. Amua ni ipi kabla hawajafika.

Mzigo. Gramu 1470 kwa Tamron, 1300 kwa Nikon, ukiongeza kamera. Nunua mguu mmoja wa kusimamishia. Bila huo mikono itaanza kutetemeka kabla bendi haijamaliza mzunguko wa kwanza, na fremu zitaanza kupinda.

Inamfaa anayelipwa kwa picha na anayefanya kazi jioni na usiku mara kwa mara. Kwa mtu wa gwaride la asubuhi tu, hii ni kununua pampu ya maji ukiwa umekaa kando ya mto.

## Matatizo ambayo lenzi haiyatibu

Mvuke wa joto. Kuanzia saa tano asubuhi, hewa juu ya lami hucheza, na picha ya umbali wa mita 60 hulegea hata kwa lenzi ya mamilioni. Wengi hudhani lenzi ni mbovu wakairudisha dukani. Sogea karibu, panda juu kidogo ili usipige picha ukipitisha jicho sambamba na lami, au wahi asubuhi.

Taa za uwanja. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/1000, picha moja itakuwa njano, inayofuata nyeusi upande. Washa kinga ya kufifia kwa taa (anti-flicker) kama kamera yako inayo, au shuka hadi 1/100 na upige wakati wamesimama.

Shaba na sare nyeupe. Tarumbeta juani hung'aa kupita uwezo wa kihisi. Punguza mwanga theluthi mbili ya stopu, kisha pandisha nyuso baadaye. Nyeupe iliyoungua hairudi.

Na wakati wa kubonyeza. Ngoma kuu hupiga mguu wa kushoto unapotua, kwa hiyo watu hubonyeza kwa kufuata mdundo. Mita tano ni sawa. Mita 50 sauti inakufikia ikiwa imechelewa karibu sekunde 0.15, na hatua nzima ni nusu sekunde. Ukiwa mbali fuata miguu kwa macho.

## Ukinunua iliyotumika

Iwe ni Kariakoo, Luthuli Avenue au kwa mtu mtandaoni, nenda na kamera yako, kadi yenye nafasi na tochi ndogo. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika tochi kutoka nyuma na utazame kutoka mbele kwa pembe. Vumbi kidogo halidhuru. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na pwani kwa unyevu wetu kuvu ni ugonjwa wa kawaida; iache, maana huendelea kukua na kusafisha kunaweza kugharimu karibu bei ya lenzi. Zungusha pete ya kuvuta taratibu uone kama inakwama. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simama mita tatu, piga kwa tundu lililo wazi kabisa, kisha kuza picha ulinganishe pembe nne: upande mmoja ukilegea kuliko mingine, lenzi ilidondoshwa.

Jaribio la mwisho ndilo muhimu zaidi kwa kazi hii. Weka fokasi endelevu, AI Servo kwa Canon au AF-C kwa Nikon, nukta moja ya katikati. Mwombe mtu akujie kutoka mita 20 kwa mwendo wa haraka, naye ndiye gwaride lako. Piga mfululizo. Kati ya picha kumi, saba au nane zikiwa kali, lenzi inafaa. Zikiwa tatu, usishawishiwe na punguzo.

## Chagua kwa hali yako

Kama mtoto wako yuko kwenye bendi ya shule na maonyesho ni mchana, chukua kundi la kwanza, na pesa inayobaki nunua kadi ya haraka na betri ya pili.

Kama unapiga harusi na matarumbeta barabarani, au msafara wa ufunguzi wa tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Zanzibar ambapo beni huongoza watu mtaani, 85mm itafanya kazi zaidi ya zote. Ukiwa tayari na 55-250mm, usiiuze. 85mm iongezee pembeni.

Kama unapewa nafasi kando ya njia ya gwaride siku za Uhuru, Jamhuri au Mapinduzi na una Canon, 70-200mm f/4 iliyotumika. Mwenye Nikon ya APS-C asiyefanya kazi usiku abaki na AF-P ya VR, baada ya kuhakikisha kamera yake inaikubali.

Kama kiti chako ni cha jukwaani na huwezi kukihama, 70-300mm. Wahi ukae chini na pembeni, karibu na lango wanaloingilia. Pale bendi hupita mita 20 kutoka kwako kabla ya kwenda mita 50 katikati ya uwanja.

Kama sherehe zako huendelea usiku na kuna anayelipia picha, f/2.8 pamoja na mguu mmoja. Bajeti ikiwa haifiki na kazi ni ya mara moja, kodi kwa siku hiyo, uichukue siku moja kabla ili uijaribu kwenye kamera yako, na uandikiane na mwenye lenzi hali yake kabla hujaondoka nayo.